Picha Inayoruka Bila Waya

Mwaka wa 1965 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na shida yangu ilianza na redio.

Ilikuwa redio ya sanduku la mbao. Baba aliipata kwa mzungu aliyekuwa akiuza vitu vyake arudi kwao. Tulikaa upande wa Ndalu. Baba hakujua kusikiliza redio polepole. Alikuwa akizungusha kile kifundo mpaka mwisho, halafu anaiweka dirishani, ili kijiji chote kijue kwake kuna kitu kinachosema. Mama akamwambia, "Baba watoto, punguza. Unaita wezi." Baba akajibu, "Wacha wasikie. Hawa watu wamenidharau sana."

Wakasikia.

Wezi walikuja mchana, jua kali. Siku hiyo redio ilikuwa kimya kwa sababu mawe yake yalikuwa yamechoka. Mawe ndivyo tulivyoita betri. Yakichoka tuliyaanika juu ya mabati yapate joto, jioni yarudishe nguvu kidogo. Baba alisimama mlangoni akashika miimo ya mlango kwa mikono miwili, akasema hawapiti. Wakaukata mkono mmoja. Akabaki ameshika na ule mwingine. Wakamkata shingo. Mama alikuwa na kitinda mimba wetu mgongoni, mtoto mchanga bado, akapiga nduru. Mmoja wao akampiga kichwani kwa ubapa wa panga. Alianguka kifudifudi, na mtoto juu yake.

Wakaenda na sanduku. Mawe yalibaki pale juu ya mabati, yamejipanga kwenye jua. Waliua mtu wakabeba sanduku bubu.

Mama hakupona vizuri. Kichwa kilimsumbua mpaka kikamzika. Mimi niliachia shule hapo hapo, darasa la pili, nikafunga kitinda mimba mgongoni mwangu. Kwa hivyo mkisikia mahali popote hapa nimesema "ndugu yangu", mjue ninasema juu ya mtu niliyemtafunia viazi ndio ameze.

Sipendi kueleza sana jinsi nilivyoinuka. Niliinuka. Nilipakia magunia ya mahindi kwenye malori Kitale nikiwa na mimba, wanaume wakanicheka, baadaye wakaacha kucheka. Nilinunua kisiagi cha dizeli, mashine ya kusaga mahindi, kilichokuwa kimetupwa nyuma ya ghala, nikakifunga Endebess. Mlevi mmoja alijaribu kunikatia mkanda wa mashine kwa sababu nilikataa kumsagia bure. Nilimvunja mkono kwa hendo, ile chuma ya kuzungushia injini. Akapona, akarudi kusaga, na alikuwa ananisalimia kwa adabu kuliko watu wa kanisa. Ndugu yangu nilimsomesha mpaka kidato cha nne. Akafungua kibanda cha simu Kitale, karibu na msikiti, akaoa msichana wa Bungoma. Nikasema, basi, huyu ameshavuka.

Sasa mnisikilize habari ya foleni, kwa sababu hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Kwenye kisiagi changu watu hawasimami kwenye mstari. Kinachosimama ni vyombo: debe, gorogoro, beseni, gunia. Unaweka chako chini nyuma ya cha mwenzako, unaenda zako kivulini. Chombo ndicho wewe. Ukisogeza debe la mtu umemsukuma mwenyewe, na kwa jambo hilo nimeona wanawake wakitoana meno.

Mwaka wa 2007, wakati huo tayari mambo ya mlimani, juu ya Endebess, yalikuwa yameharibika. Kulikuwa na vijana waliokuwa wameingia msituni na bunduki kwa sababu ya mashamba. Watu walikuwa wanateremka usiku na watoto, wengine wanalala kwenye veranda za maduka Endebess. Wengine walikuja bila sikio. Vijana wa msituni walikuwa na desturi hiyo: wakikushuku unaipelekea serikali habari, sikio kwanza. Wakikushuku mara ya pili, hakuna cha tatu.

Ndugu yangu akaja siku ya soko na simu mpya. Alikuwa amevaa shati jeupe. Nani huvaa shati jeupe kwenye kisiagi?

"Dada, tupa hiyo takataka yako. Angalia hii."

"Inafanya nini?"

"Iko na kamera."

"Kamera ya nini? Mahindi inataka picha ndio isagike?"

Wanawake waliokuwa kivulini wakacheka. Yeye akapanda juu ya gunia la pumba ndio asikike, kwa sababu injini ilikuwa inanguruma. Alikuwa na sauti ya kuuza.

"Iko na nyimbo! Iko na redio! Iko na blututhi!"

"Huo nao ni ugonjwa gani?"

"Picha inaruka, dada. Inatoka kwa hii simu inaingia kwa ingine. Bila waya, bila nini. Hewani tu!"

"Na tochi?"

"Tochi haina, lakini..."

"Chaji inakaa siku ngapi?"

"Siku ngapi tena? Jioni unaweka kwa stima."

"Stima ya wapi, wewe? Umeona nguzo hapa?"

Kicheko kikazidi. Mama mmoja akamwambia, "Kijana, uliza kiwanda kama iko na ya kupeta maharagwe."

Simu yangu ilikuwa ile ndogo ya tochi. Ilishaanguka kwenye dizeli, ikaanguka kwenye unga, ng'ombe akaikanyaga. Inawaka. Chaji unaweka leo, unasahau. Katika wateja wangu wote sijawahi kusikia mtu akimwomba Mungu simu yenye kamera. Waliomba simu isiyozima mtoto anapougua, ya kumulika njia ya chooni, ya kuita mwana aliyepotelea Nairobi. Nilimwambia ndugu yangu hivyo, mbele ya watu. Nikamwambia, "Hawa wenye viwanda wamekaa mahali wana shibe, wanajiuliza tuongeze nini. Hawajauliza mwenye kiu anakunywa nini."

Alinijibu kwa vitendo. Akaelekeza simu kwa fundi wa magunia, mzee aliyekuwa anakaa mlangoni kwangu na sindano yake kubwa, anashona magunia yaliyotoboka. Ikalia *kchak*. Akamwonyesha. Mzee alijiangalia muda mrefu, kisha akavua kofia, akasema, "Piga tena. Ile nilikuwa na kofia."

Basi foleni ikapata wazimu. Wanawake wakajifuta unga usoni, wengine wakajipaka maji. Mke wa fundi akaja akasimama kando ya mumewe, mkono umekaa wima kama askari. Ndugu yangu akasema wapigwe wote pamoja, kila mtu nyuma ya chombo chake, kama mstari ulivyo.

Kila chombo kikapata mwenyewe, isipokuwa gunia moja kubwa, limekaa katikati.

"Wenye hili gunia wako wapi?" ndugu yangu akapaza sauti. "Kujeni! Nafasi yenu itaonekana kama jino limetoka!"

Watu wengine walitazama chini. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye injini, sikuliona jambo hilo kwa wakati. Yeye akawaona vijana wawili wamesimama mbali kwenye mikaratusi, akawafuata, akawashika mkono akicheka, akawaleta mpaka nyuma ya gunia lao. "Msiwe na aibu, bana! Ni bure!" Walisimama kama miti. *Kchak.*

Mtu anayesagia watu wengi hivyo, na hana nyumba inayojulikana, anasagia nani? Kila mtu pale alijua ni wa msituni. Mjini Kitale hawakujua, na ndugu yangu alikuwa mtu wa Kitale.

Siku ya soko iliyofuata walirudi. Wale wawili na wengine, na mkubwa wao mwenye bunduki, mtu mfupi aliyevaa koti la mvua na jua linawaka. Walikuja kutoka pande zote za kisiagi. Mkubwa akasema, "Kila mtu alale chini." Wakalala, kila mmoja kando ya debe lake. Mimi nilikuwa kwenye injini, imewaka, sikulala. Sikukataa kwa ujasiri. Injini ya dizeli haiachwi peke yake, na mwili wangu ulizoea hivyo.

"Wewe ndio wa picha?"

Ndugu yangu bado alikuwa na mdomo wake wa kuuza. "Ndio mimi, bro. Mnataka ingine?"

Alipigwa kitako cha bunduki mdomoni. Meno mawili yalitoka hapo hapo, na shati likawa jekundu mpaka kiunoni.

"Picha yetu iko wapi?"

"Iko hapa. Ngoja, nafuta. Mnaona? Nimefuta. Imeisha."

"Imeenda wapi?"

"Haijaenda. Imefutika, haiko."

"Kitu haiwezi kosa mahali iko. Imeenda wapi?"

"Haiko, naapa, haiko mahali popote!"

Mkubwa akawageukia wale wawili. Mmoja akasema, "Huyu alisimama hapa juu ya gunia. Alisema picha inaruka hewani inaingia kwa simu ingine. Tulisikia wenyewe."

Ndugu yangu alifungua mdomo. Hakuna kitu kilichotoka isipokuwa damu. Angesema nini? Alikuwa amesema kweli, na ameisema kwa sauti, watu wote wakisikia. Sasa kadiri alivyoonyesha kwamba picha haimo, ndivyo walivyoamini imeruka.

"Ulirusha kwa nani? Kwa polisi?"

"Hapana!"

"Sikio," mkubwa akasema.

Walimpigisha magoti. Mmoja alimkalia mabegani, mwingine akavuta sikio la kushoto kama mtu anavuta kamba ya ng'ombe, akakata kwa kisu cha kuchinjia mbuzi. Halikukatika mara moja. Sauti aliyoitoa ndugu yangu niliisikia juu ya injini, na injini hiyo inasikika mpaka barabarani. Kisha akamgeuza kichwa, akaweka kisu shingoni.

Mimi nilimwona baba ameshika mlango.

Nilitembea. Nilimwambia yule mkubwa, "Mnataka picha ife, ama mnataka nyama?" Mmoja wao alinipiga kwa nyuma ya panga hapa, begani, nikasikia mfupa ukivunjika kama kuni. Nilianguka. Nikainuka. Simu ilikuwa mavumbini, karibu na magoti ya ndugu yangu. Nikaiokota kwa mkono mzima, nikaiangusha kwenye mdomo wa mashine.

Kisiagi kinasaga kwa nyundo za chuma zinazozunguka ndani kwa kasi. Hazijui mahindi wala simu. Ilitokea kelele ambayo sijawahi kuisikia tena. Chujio likapasuka, nyundo moja ikatoka ikatoboa mabati ya ukuta, ikapita juu ya wale waliolala. Moshi ukatoka, unanuka plastiki na kitu kingine cha kuchoma koo. Mkanda ukakatika ukanichapa mguu. Nikaizima injini. Kwenye mfuko wa unga kukashuka kitu cheusi chenye vipande vya kumetameta.

"Hiyo hapo," nikamwambia. "Chukua, songa ugali."

Alitia mkono kwenye ule unga akausugua kwa vidole. Kisu bado kilikuwa shingoni mwa ndugu yangu.

"Na ile alirusha?"

"Alirusha kwa nani? Angalia hawa watu. Nani hapa ako na simu kama hiyo? Hapa Endebess kuna yake na kuna hii yangu." Nikatoa yangu kwenye aproni. "Shika. Tafuta picha ndani. Ukipata hata ya nzi, nikate mimi."

Aliishika. Alibonyeza, akabonyeza. Mwishowe akapata tochi, ikawaka mchana ule wa saa sita, akajimulika kiganja. Kijana wake mmoja akacheka.

"Hii haina picha," mkubwa akasema.

"Haina."

"Chaji inakaa?"

"Wiki."

Akaitia kwenye koti lake. "Hii inafaa," akasema. Akapiga mluzi, yule wa kisu akainuka kutoka kwa ndugu yangu. Wakachukua unga wote uliokuwa umesagwa, wa kila mtu, wakaenda zao kwenye mikaratusi.

Sikio tulilitafuta kwenye pumba. Hatukulipata.

Lori la mahindi lilitufikisha hospitali Kitale, kisha nilimpeleka Bungoma kwa wakwe zake, kwa sababu Kitale nayo watu walikuwa wameanza kuangaliana vibaya. Nilikaa naye huko mkono ukiwa umefungwa kitambaa. Siku moja mama mkwe wake alikuwa anambadilishia bandeji, yeye akaniambia, "Dada, unajua picha ingeweza kwenda bila hiyo blututhi? Kuna njia ingine. Inafika hata Mombasa."

"Sikujua."

"Najua hukujua."

"Na wewe kwa nini hukusema?"

"Niseme nini na kisu iko hapa?" Akacheka, mshono ukamuuma, akashika kichwa. "Wewe ulisema kama mtu amesomea."

Mimi nilimwambia anyamaze. Lakini mjue: sikushinda kwa akili. Nilisema nisichokijua kwa sauti ya mtu anayejua, na yule mwenye bunduki akaniamini kwa sababu nilikuwa nimevunja mali yangu mbele yake.

Kisiagi nilikifufua. Mwaka ukageuka, mambo ya mlimani yakazidi ubaya kabla ya kutulia. Katika ubaya huo fundi wa magunia alichukuliwa. Waliomchukua, wengine wanasema walitoka msituni, wengine wanasema walitoka upande wa serikali. Sikuona, kwa hivyo sisemi. Hakurudi, na hakuna kaburi.

Mkewe alikuja siku isiyo ya soko. Hakuwa na mahindi. Alikuwa na gorogoro tupu mkononi. Nilijua ana neno; gorogoro alilibeba tu kwa sababu kwetu mwanamke haendi kisiagini mikono mitupu hata kama ana msiba.

"Mama, nimekuja kwa ile picha."

"Ilisagwa."

"Najua. Nilikuwa nimelala hapo chini, niliona. Nauliza kama kuna mahali ilibaki."

"Ibaki wapi?"

"Ndugu yako si alisema inaruka? Labda iliruka kidogo. Labda iko kwa mtu." Alisema pole pole, kama mtu anayepima unga wa kukopeshwa. "Hakuna mahali ingine uso wake iko. Kitambulisho alienda nayo. Mtoto wa mwisho anauliza alikuwa aje."

Nilitoa simu nyingine ya tochi niliyokuwa nimenunua, nikampigia ndugu yangu pale pale. Nikamuuliza, ulirusha kwa mtu yeyote? Hata mmoja? Hata kwa mchezo? Akasema, "Hapana, dada. Hakukuwa na wa kupokea."

Nikamwambia yule mama. Alinipiga kwa lile gorogoro, pale pale begani. Akanipiga tena. Mimi ni mtu wa kurudisha, kila mtu Endebess anajua. Sikurudisha. Alipochoka alikaa chini kwenye unga, na mimi nikakaa, tukakaa.

Watu huniuliza kwa nini ninamtukana kila mtu anayeniletea simu mpya. Ninamtukana kwa sababu ananiambia kile simu inacho kabla hajaniuliza kile ninachokosa. Lakini kuhusu kamera nilinyamaza tangu siku hiyo. Ningerudishwa pale ningeisaga tena, hata mara kumi. Ndugu ni ndugu. Ila nilikuwa nimesema hakuna aliyewahi kuomba kitu hicho, na mwanamke alikuja akaniomba, na mimi ndiye niliyekuwa nimekigeuza unga. Hata baba yangu sasa sikumbuki uso. Ninakumbuka mkono mmoja umeshika mlango.

Ndugu yangu anauza simu Bungoma. Akija mteja anamuuliza kwanza, "Unataka kufanya nini nayo?" Wengi hawana jibu. Vile vya kusikilizia nyimbo, vinavyoingia masikioni, anauziwa viwili kama watu wote, na anasema kiwanda kinamwibia nusu.

Leo nina hivi. Shamba la ekari tatu, mahali panapoitwa Kwanza, hati ina jina langu. Kisiagi cha stima, kwa sababu nguzo zilifika, na kile cha dizeli, kina chujio jipya. Ng'ombe wanne wa maziwa. Nyumba ya matofali. Bega moja lisiloinuka. Redio ndogo, ninaisikiliza polepole. Simu ya tochi. Ukutani kwenye kisiagi, picha moja ya foleni, ndugu yangu aliipiga akaisafishia Kitale; aliyetaka kuingia aliingia, asiyetaka aliacha debe lake tu. Mjane wa fundi yumo, mstari wa mbele. Picha ya baba sina. Ndugu mmoja, yuko hai.